Maikrografia: Sanaa ya Wayahudi ya kuchora kwa maandishi

Kwa zaidi ya miaka 1,000 waandishi wa Kiyahudi wamekuwa wakichora picha kwa kutumia maneno. Simba, joka, nyota, mti au uso wa rabi hujengwa kwa herufi za Kiebrania zilizoandikwa kwa mkono, tena ndogo kiasi kwamba asiyezisogelea hudhani kuwa ni mistari ya kawaida ya wino.

Wataalamu huiita sanaa hiyo maikrografia, jina lililoundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "dogo" na "kuandika". Maandishi yenyewe kwa kawaida hutoka katika Biblia ya Kiebrania, hasa Zaburi, au katika maelezo ya kale yaliyotungwa ili kuilinda Biblia hiyo isiharibiwe na makosa ya wanakili.

Sanaa ya maandishi si ngeni kwa watu wa Afrika Mashariki, ambao wameona aya za Kurani zikipamba milango na kuta za misikiti. Lakini hapo herufi hukuzwa ili ionekane na kila apitaye. Katika maikrografia herufi hupunguzwa hadi ikakaribia kutoweka, na kutokana na hilo lilizuka swali lililowagawa wanazuoni wa Kiyahudi kwa karne kadhaa: je, neno takatifu likishageuzwa kuwa picha, bado linasomeka?

Ua la kuilinda Torati

Ili kuielewa maikrografia hapana budi kwanza kuifahamu Masora, yaani elimu ya mapokeo ya maandishi ya Biblia ya Kiebrania.

Kiebrania kina herufi 22, zote konsonanti, na hapo kale kiliandikwa bila alama za irabu. Msomaji alitegemea kumbukumbu na mafundisho ya mwalimu wake. Kati ya karne ya 7 na ya 10 wanazuoni waliojulikana kama Wamasora, ambao kituo chao kikuu kilikuwa mji wa Tiberia kando ya Ziwa la Galilaya, walibuni alama za irabu na za lahani ya kusomea, kisha wakaanza kuhesabu.

Walihesabu aya, maneno, hata tahajia za maneno. Walibainisha kwamba vitabu vitano vya Torati vina aya 5,845. Neno la kwanza kabisa la Biblia, "bereshiti", ambalo katika Kiswahili hutafsiriwa "hapo mwanzo", liliandikiwa maelezo kwamba linapatikana mara 5 katika Biblia nzima, na kwamba katika mara hizo, 3 ni mwanzoni mwa aya. Neno lisilojirudia mahali pengine popote liliwekewa alama ya herufi moja tu pembeni. Kwa njia hiyo mnakili aliyeongeza au kupunguza neno aliweza kukamatwa na hesabu.

Wahenga wa Kiyahudi waliyafananisha mapokeo hayo na ua linaloizunguka Torati. Maelezo mafupi yaliwekwa pembeni mwa safu za maandishi, na yale marefu yakawekwa juu na chini ya ukurasa. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu na ngozi ya kuandikia ilikuwa ghali, yaliandikwa kwa herufi ndogo mno. Hapo ndipo sanaa ilipozaliwa, katika ukingo wa ukurasa.

Gombo na msahafu

Ni muhimu kutambua kwamba maikrografia haikuingia katika kila kitabu. Gombo la Torati linalosomwa katika sinagogi halina irabu, wala maelezo, wala picha. Sheria ya Kiyahudi inataka liandikwe hivyo, na hadi leo huandikwa hivyo.

Uhuru ulipatikana katika kitabu chenye kurasa zilizoshonwa pamoja, kilichotumiwa kwa masomo na marejeo. Wayahudi wa Mashariki walikiita kitabu cha namna hiyo "mitshaf", neno walilolipata katika Kiarabu, na ndilo neno lile lile lililoingia katika Kiswahili likawa "msahafu".

Mkopo huo wa neno unaeleza mengi. Wayahudi wa Misri, Palestina na Shamu waliishi miongoni mwa Waislamu, wakazungumza Kiarabu, na wakaziona kurasa za mwanzo za Kurani zilizojaa mapambo ya maumbo ya kijiometri, ambazo wanahistoria wa sanaa huzifananisha na mazulia. Misahafu ya Kiyahudi nayo ikapata kurasa zake za zulia, lakini ikawa na jambo la ziada: mistari ya duara, nyota na matao ilikuwa ni maneno.

Miongoni mwa mifano ya kale ni msahafu wa Manabii wa Cairo, ambao maelezo yake ya mwisho yanasema uliandikwa Tiberia na Moshe ben Asher mwaka 895, ingawa baadhi ya wataalamu wanaamini kwamba nakala iliyopo ni ya karne ya 11. Usiokuwa na mashaka kiasi hicho ni msahafu ulioandikwa Misri karibu na mwaka 1008 na Shmuel ben Yaakov. Mtu huyo mmoja aliandika maandishi, irabu na Masora, na akaacha kurasa 16 zilizonakshiwa. Hiyo ndiyo nakala kamili ya kale kuliko zote ya Biblia ya Kiebrania ambayo tarehe yake inajulikana.

Msahafu huo leo umehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Urusi mjini St Petersburg. Tangu mwaka 1937 umekuwa msingi wa matoleo makuu ya kitaalamu ya Biblia ya Kiebrania, yale ambayo wafasiri wa Biblia huyatumia sehemu mbalimbali za dunia. Kitabu kilichopambwa kwa maikrografia, kwa hiyo, ndicho pia kitabu kinachoaminiwa kwa usahihi wa maneno yake.

Jinsi kazi inavyofanywa

Mnakili wa zamani aliandika juu ya ngozi iliyosafishwa na kulainishwa. Mashariki alitumia kalamu ya tete. Ulaya alitumia unyoya wa ndege uliochongwa ncha. Mara nyingi aliyeandika maandishi makuu na aliyeongeza irabu na Masora walikuwa watu wawili tofauti, na huyo wa pili ndiye aliyekuwa msanii wa maikrografia.

Kwanza aliainisha umbo kwa alama hafifu, kisha akaufuata mchoro huo kwa maneno, herufi baada ya herufi, akipinda pale mstari unapopinda. Hakuwa na nafasi ya kufuta kwa urahisi. Ilimbidi pia akadirie tangu mwanzo urefu wa maandishi na urefu wa mstari, ili aya isimalizike kabla ya mkia wa simba, wala mkia usimalizike kabla ya aya.

Herufi za Kiebrania zinaifaa sana kazi hiyo. Hazina herufi kubwa na ndogo, na nyingi zina kimo kimoja. Ni herufi moja tu, lamedi, inayochomoza juu ya mstari, na chache zinazoshuka chini yake. Zikipangwa kwa umbo dogo hujenga uzi ulionyooka ambao jicho hulipokea kama mstari mmoja.

Samaki wa Sanaa

Nchini Yemen, ambako Wayahudi waliishi kwa karne nyingi, sanaa hii ilifikia kilele chake katika karne ya 15. Msahafu wa Torati ulioandikwa mjini Sanaa mwaka 1469 na mnakili Benaya ben Saadya, ambao sasa uko katika Maktaba ya Uingereza mjini London, una ukurasa wa zulia wenye samaki waliozunguka duara katikati ya maumbo yanayofanana na milima. Samaki hao na milima hiyo vimechorwa kwa maandishi madogo ya Kiebrania.

Wataalamu wameona jinsi samaki hao wanavyofanana na wale wanaochorwa kwenye sinia na mabakuli ya shaba ya mafundi wa Kiislamu wa zama hizo. Mnakili wa Sanaa alichukua pambo lililokuwa likionekana katika mazingira yake, akalijaza maneno ya Kiebrania.

Jamii iliyokilea kitabu hicho haipo tena huko. Kati ya mwaka 1949 na 1950 karibu Wayahudi 50,000 wa Yemen walisafirishwa kwa ndege kwenda Israel, na idadi ya waliobaki imekuwa ikipungua hadi kukaribia kwisha.

Majoka ya Ujerumani na onyo la rabi

Maikrografia ilipovuka kuingia Ulaya ilibadilika sura. Katika maeneo ya Ujerumani na Ufaransa ya karne za 13 na 14, maumbo ya kijiometri yaliwapisha viumbe: majoka, ndege, mbwa wa kuwinda, simba, hata wapiganaji waliopanda farasi. Ilikuwa ni dunia ile ile iliyochongwa katika mawe ya makanisa na kuchorwa katika vitabu vya Wakristo waliokuwa majirani zao.

Wakati mwingine picha ilifuata kisa. Torati moja ya Kijerumani iliyoko London inamwonyesha Yona na samaki wake, wote wakiwa wameundwa kwa maelezo ya Masora. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, picha haikuwa na uhusiano ulio wazi na maandishi yaliyoiunda.

Ni hali hiyo iliyoleta upinzani. Kitabu cha Wachaji, kinachohusishwa na Rabi Yehuda wa Regensburg aliyefariki mwaka 1217, kinamshauri anayemwajiri mwandishi wa Masora aweke sharti mapema: mwandishi asiigeuze Masora kuwa ndege, mnyama, mti au picha yoyote ile. Sababu iliyotolewa ni ya kawaida kabisa. Msomaji atawezaje kuisoma?

Inafaa kuzingatia alichokipinga rabi huyo. Mara nyingi husemwa kwamba Wayahudi walibuni maikrografia ili kuikwepa amri ya pili katika kitabu cha Kutoka, inayokataza sanamu za kuchonga. Maelezo hayo yanavutia lakini hayatoshi, kwani Wayahudi wa Ulaya wa zama hizo walikuwa pia na vitabu vyenye picha za rangi za watu na wanyama, tena bila kuzificha ndani ya maandishi. Hoja ya kitabu hicho ilikuwa juu ya elimu: ua lililojengwa kulinda neno lilikuwa likigeuka kuwa bustani ya maua.

Jibu kutoka Hispania

Mtazamo tofauti ulijengeka upande wa Hispania. Huko Wayahudi waliyachanganya mapambo ya Kiislamu na ya Kikristo, wakazunguka kurasa za Biblia zao kwa fremu na mafundo ya maandishi madogo.

Baadhi ya wasanii wake wanajulikana kwa majina. Yehoshua ibn Gaon, mtu wa mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, alikuwa na desturi ya kuliingiza jina lake ndani ya michoro ya Masora. Alishiriki katika Biblia ya Cervera ya mwaka 1299 hadi 1300, ambayo leo iko katika Maktaba ya Taifa ya Ureno mjini Lisbon. Mnakili wa maandishi makuu ya Biblia hiyo, Shmuel ibn Natan, ameacha habari kwamba aliifanya kazi hiyo akiwa amevunjika mfupa wa mguu.

Mwanazuoni Profiat Duran aliwapa watu hao hoja ya kujitetea. Katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1403 alifundisha kwamba Biblia ni mithili ya Hekalu lililobomolewa la Yerusalemu, na kwamba mtu yampasa kujifunza katika vitabu vilivyo vizuri, vyenye mwandiko mzuri na mapambo, kwa sababu uzuri hupanua moyo na kuimarisha akili. Ikiwa Hekalu lilipambwa kwa dhahabu, kitabu nacho kinastahili kupambwa.

Duran hakuwa akizungumzia anasa. Mwaka 1391 Wayahudi wa Hispania walishambuliwa katika mji baada ya mji, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolazimishwa kubatizwa. Kwa watu wasiokuwa na hakika ya kuendelea kuwa na nyumba wala sinagogi, hekalu linaloweza kubebwa kwapani halikuwa jambo dogo. Wayahudi walikwisha fukuzwa Uingereza mwaka 1290 na Ufaransa mwaka 1306. Mwaka 1492 ikawa zamu ya Hispania. Mijengo ilibaki nyuma. Vitabu vilivyonusurika viliondoka na wenyewe.

Mtambo wa kuchapa wafika

Katika karne ya 16 ubishi huo ulipata mwamuzi asiyetarajiwa, nao ni mtambo wa kuchapa vitabu.

Mjini Venice, katika kiwanda cha uchapaji cha Daniel Bomberg, Yaakov ben Hayim ibn Adoniya alikusanya Masora kutoka misahafu mingi iliyotawanyika na kuichapisha pamoja na Biblia mwaka 1524 hadi 1525. Mwaka 1538 Eliya Levita alitoa kitabu kizima kuhusu Masora, na ndani yake akawalaumu vikali wanakili wa zamani. Alisema walijali zaidi uzuri wa mistari na maumbo kuliko maana. Walipokosa nafasi walikata maelezo, na walipobaki na nafasi waliyarefusha au kuyarudia.

Lawama hizo zilikuwa na ukweli. Wataalamu wa sasa huthibitisha kwamba Masora nyingi zilizochorwa kwa umbo la wanyama zina mapengo na makosa. Pamoja na hayo, bila kurasa hizo zilizopambwa, ambazo wenyewe walizithamini na kuzihifadhi, ibn Adoniya na Levita wangekuwa na vyanzo vichache zaidi vya kufanyia kazi.

Masora ilipokwisha kuchapwa kwa mistari iliyonyooka, maikrografia ilipoteza kazi yake ya awali. Haikufa. Ilihamia kwingine.

Kutoka kitabuni hadi ukutani

Nchini Italia, katika karne za 17 na 18, ilitumika kupamba hati za ndoa, ambazo Wayahudi huziita ketuba. Maneno ya Ruthu au ya Wimbo Ulio Bora yalizungushwa katika vifundo na maua pembeni mwa ahadi za bwana harusi. Ilitumika pia katika mabango yanayotundikwa kwenye ukuta wa mashariki wa nyumba kuonyesha upande wa Yerusalemu.

Mjini Vienna mnakili Aaron Wolf Herlingen, aliyefanya kazi katika maktaba ya kifalme katika karne ya 18, alipata sifa kwa kuviandika vitabu vitano vya Biblia, yaani Wimbo Ulio Bora, Ruthu, Maombolezo, Mhubiri na Esta, katika karatasi moja tu, akitumia Kiebrania pamoja na lugha za Ulaya.

Katika karne ya 19 zikaja picha za watu: marabi mashuhuri, mfadhili Mwingereza Moses Montefiore, na baadaye Theodor Herzl, mwanzilishi wa harakati za kisiasa za Kizayuni. Picha hizo zilichapishwa kwa wingi na kuuzwa, na hivyo familia maskini nazo zikaweza kuwa na maikrografia ukutani.

Wayahudi hawakuwa peke yao katika ufundi wa maandishi madogo. Waandishi wa Kiislamu walikuwa na mwandiko unaoitwa "ghubari", yaani vumbi, uliotumika kuandika Kurani ndogo sana, na baadaye Waturuki na Waajemi walichora simba na ndege kwa maneno ya Kiarabu. Katika Chuo cha St John's, Oxford, kuna picha ya Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, aliyekatwa kichwa mwaka 1649, iliyochorwa kwa maandishi madogo ya kidini. Tofauti ni kwamba kwa Wayahudi ufundi huo ulitangulia mapema mno, na ukadumu bila kukatika.

Macho mapya

Utafiti wa kina wa maikrografia ni wa hivi karibuni. Mwaka 1981 mtaalamu Leila Avrin, kwa kushirikiana na Colette Sirat, alichapisha kazi iliyoitambulisha kuwa sanaa inayojitegemea, na mwaka huo huo Jumba la Makumbusho la Israel mjini Yerusalemu likaiandalia maonyesho. Mwaka 2013 Dalia-Ruth Halperin alitoa kitabu kuhusu kitabu kimoja tu cha sala kutoka Catalonia. Aliyasoma maandishi yake madogo neno kwa neno, akakuta kwamba sehemu kubwa ni Zaburi, na akatoa hoja kwamba mnakili alizichagua akiwa na picha husika akilini.

Kazi ya aina hiyo imerahisishwa na kompyuta. Maktaba ya Uingereza ilianza mwaka 2013 mradi wa kupiga picha maandiko yake ya Kiebrania na kuyaweka katika intaneti, na mwaka 2017 Maktaba ya Taifa ya Israel ilizindua tovuti ya Ktiv inayokusanya picha za maandiko kutoka maktaba za nchi nyingi. Mtafiti anaweza kulikuza jicho la joka hadi likajaa kioo cha kompyuta, akasoma herufi ambazo aliyezinunua kwa mara ya kwanza huenda hakuwahi kuzisoma.

Kompyuta hiyo hiyo imeleta pia programu zinazoweza kuijaza picha yoyote kwa maneno yoyote kwa sekunde chache. Wapo hata hivyo wasanii, nchini Israel, Marekani na kwingineko, wanaoendelea kuandika kwa mkono na kwa kalamu nyembamba, wakitumia wiki au miezi kwa kazi moja. Wateja wao wengi ni wachumba wanaotaka hati ya ndoa, na jambo la kwanza wanaloulizwa ni lile lile ambalo Rabi Yehuda alitaka likubaliwe kabla ya kazi kuanza: maneno gani yaandikwe, na je, yasomeke au yatazamwe tu.